Kuikusanya Mitandao Mahali Pamoja: Ni Faida ya Nani?

Haimfichikii mwenye nyumba yeyote hii leo kwamba khabari zimekuwa na milango mingi. Zamani khabari za mji zilikuja kwa barazani, kwa barua na kwa redio, na kila mlango ulikuwa na wakati wake. Mtu akijua ni lipi la kulitazamia na saa ngapi. Sasa katika simu moja ya kijana wa miaka kumi na minane utaikuta WhatsApp, na Facebook, na Instagram, na TikTok, na Telegram, na huenda na X, ile iliyokuwa ikiitwa Twitter mpaka mwaka 2023. Kila mmoja wa milango hii hubisha kwa wakati autakao wenyewe, si kwa wakati autakao mwenye nyumba. Mama naye ana kundi la ukoo, na kundi la harusi, na kundi la mchezo wa fedha, na kundi la wazazi wa darasa la mtoto wake. Na harusi imekwisha tangu mwaka juzi lakini kundi lingali likilia.

Watu wamechoka, na katika kuchoka kwao wameanza kuuliza: Je, hapana chombo kimoja cha kuikusanya mitandao hii yote, mtu akafungua mara moja akamaliza? Vijana wetu wa madrasa wametuuliza, na wazazi wao pia wametuuliza.

Vyombo hivyo vipo, wala si vipya. Lakini twaona kuwa watu wawili mbalimbali wanauliza suala moja ilhali haja zao si moja. Yuko mwenye kutoa khabari, kama vile madrasa, duka, chama cha kuzikana, au dada apikaye keki kwa kuuza. Na yuko mwenye kupokea, naye ni kila mmoja wetu. Sisi twasema kwamba kukusanya humfaa mwenye kutoa, na aghalabu humdhuru mwenye kupokea. Asiyezitenga haja hizi mbili atakwenda kutafuta dawa ya ugonjwa asio nao.

Kwanza tuvitazame vyombo vyenyewe, maana khabari yao ina mafunzo. Mwaka 2000 ilitokea Marekani programu iitwayo Trillian. Wakati ule watu wakizungumza kwa kompyuta katika AIM, na ICQ, na MSN, na aliye huku hawezi kusema na aliye kule. Trillian ikawafungulia yote katika dirisha moja. Watu wakafurahi, lakini AOL, mwenye AIM, hakufurahi, na mwaka 2002 akawa akiifungia mlango mara kwa mara, nao waliotengeneza Trillian wakitafuta upenyo mwingine. Mwisho wake ni kwamba AIM yenyewe ilifungwa mwaka 2017, na ICQ ikafungwa mwaka 2024. Mwaka 2007 ikaja FriendFeed, iliyokusanya katika mtiririko mmoja kila alilolitoa mtu katika mitandao mbalimbali; Facebook ikainunua mwaka 2009, na mwaka 2015 ikaizima. TweetDeck ilianza mwaka 2008, nayo kwa miaka michache iliweza kushika Facebook na Twitter pamoja. Twitter ikainunua mwaka 2011, mwaka 2013 ikaitoa Facebook ndani yake, na mwaka 2023 haikuweza kutumiwa tena ila kwa mwenye kulipa. Hootsuite ya Canada, iliyoanza mwaka ule ule wa 2008, ilikuwa na sehemu ya bure. Sehemu hiyo nayo ikaondolewa mwaka 2023. Hivi karibuni Beeper imekuja na ahadi ile ile ya kuziweka jumbe zote katika orodha moja. Mwaka 2023 ilipojaribu kuingia katika jumbe za simu za Apple, Apple ikaifungia mlango, kama AOL ilivyofanya miaka ishirini na moja kabla yake.

Basi mwenye akili ataona kuwa chombo cha kukusanya ni mpangaji. Hana nyumba yake. Amekodi chumba katika nyumba za watu wengine, na siku mwenye nyumba akibadili kufuli, mpangaji hulala nje. Hatusemi kwamba visitumiwe, ila mtu asitundike vyombo vyake vyote katika chumba cha kukodi.

Na sasa tumseme mwenye kutoa, kwani kwake yeye kuna kheri kubwa.

Chukua madrasa moja ya mjini yenye watoto mia na hamsini. Ramadhani inakaribia. Kuna ratiba ya darsa, kuna siku ya mtihani wa juzuu, kuna mchango wa futari, na kuna siku ya kufunga na siku ya kufungua. Wazazi wengine wako Facebook, dada zao vijana wako Instagram, na baba aliyekwenda Maskat kutafuta riziki atazame popote pawezekanapo. Aghalabu kazi hii hupewa kijana mmoja, naye kila mara ikitoka khabari huingia Facebook akaiandika, akatoka akaingia Instagram akaiandika tena. Na kila aingiapo kuandika hukutana na mia ya mambo yasiyo kazi yake. Aliingia kuweka tangazo la dakika mbili, akatoka baada ya saa nzima, na pengine tangazo lenyewe hakuliweka.

Mtu kama huyu ndiye aliyetengenezewa chombo cha kukusanya. Wenye Facebook na Instagram wana chombo chao wenyewe kiitwacho Meta Business Suite, nacho hakitaki malipo. Ukurasa wa Facebook na ukurasa wa Instagram ulio wa kazi huunganishwa hapo, tangazo likaandikwa mara moja, likapangiwa siku na saa, likatoka lenyewe. Iko pia Buffer, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2010, ambayo huifikia mitandao mingi zaidi ya hiyo. Kijana hukaa siku ya Alkhamisi baada ya Alasiri, akaandika matangazo ya wiki nzima, akamwonyesha mwalimu wake, yakasahihishwa, yakapangwa. Kisha akafunga akaenda zake. Faida kubwa ya chombo hiki, kwa maoni yetu, ni kwamba mtu hutoa asilazimike kuingia. Huko kuandika mara moja badala ya tatu ni nyongeza tu.

Lakini ajue mipaka yake. Tangu Agosti 2018 Facebook haikubali chombo cha nje kiandike katika ukurasa wa mtu binafsi. Huandika katika ukurasa wa kazi tu. Wala vyombo hivi haviyafikii makundi ya WhatsApp, na sisi huku ndiko tuliko wengi. Kwa WhatsApp iko njia yake yenyewe: tangu mwaka 2018 msimamizi wa kundi, ambaye vijana humwita admini, aweza kulifanya kundi lisisemwe ila na wasimamizi. Madrasa na iwe na kundi moja la namna hiyo, la matangazo peke yake, na wenye kutaka kuongea wawe na kundi lao jingine. Wako watakaoliona jambo hili kuwa ni ukali. Sisi twaona ni adabu, maana hata msikitini mtu hasimami na kuuza samaki katikati ya tangazo la maziko.

Iko na khatari, nayo yatoka katika faida ile ile. Chombo kinachopeleka jema mahali patano kwa mguso mmoja, hupeleka ovu mahali patano kwa mguso huo huo. Mtu akiandika tarehe ya uwongo ya kufungua, au akaweka maneno akayanasibisha kwa Mtume, rehema na amani zimfikie, na maneno hayo hayana asili, basi atakapozinduka yatakuwa yamekwishapigwa picha na kupelekwa kwa watu asiowajua. Wenye WhatsApp wenyewe waliiona shari hii. Mwaka 2019 walipunguza ujumbe wa kusambazwa usipelekwe kwa zaidi ya watu au makundi matano kwa mara moja, na mwaka 2020 ule ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi ukawa haupelekwi ila kwa mmoja mmoja. Ikiwa kampuni ya biashara imeona haja ya kuuzuia mkono wa msambazaji, seuze sisi tulioamrishwa katika Sura ya Al-Hujurat kuipeleleza khabari kabla ya kuifanyia kazi? Kwa hivyo twasema: anayepanga matangazo asiwe ndiye anayeyaidhinisha. Wawe wawili, hata kama ni kijana na mama yake.

Sasa tuje kwa mwenye kupokea, na hapa hatuna budi kukaa kidogo.

Mtaani kwetu alikuwapo mzee mmoja aliyefiwa na rafiki yake wa utotoni. Khabari ilitumwa saa mbili asubuhi katika kundi la mtaa, kwamba maziko ni baada ya Adhuhuri. Mwanawe, kijana mwema sana, alikuwa amemwekea programu ya kumkusanyia jumbe zote katika orodha moja, za WhatsApp, za Telegram na za Messenger, ili baba asihangaike kufungua hiki na kufunga kile. Basi juu ya khabari ile zikashuka picha za maua za kutakia watu asubuhi njema, na matangazo ya majiko ya gesi, na mzaha wa kundi la wastaafu, na dua ndefu iliyosambazwa na watu sita mbalimbali. Mzee alikuwa na simu mkononi asubuhi ile nzima, akisoma. Khabari ya rafiki yake aliiona baada ya Isha.

Tazama vizuri ni nini kilichotokea. Khabari haikumkosa, alikuwa nayo mkononi. Ila lau ingalikuwa katika kundi lake peke yake, na kundi hilo lina mlio wake peke yake, angaliisikia. Kilichomponza ni ule mkusanyo. Milango mingi ina usumbufu, lakini ina jambo moja jema: mtu hujua ni mlango gani unaobishwa. Ukiibomoa yote ukafanya uwazi mmoja, mwizi na mgeni na muuza mboga na mjumbe wa msiba huingia kwa mstari mmoja, na aliye mbele ni yule aliyekuja mwisho.

Tena orodha hizi hazina ukingo. Mwaka 2006 fundi mmoja wa Marekani, Aza Raskin, alibuni namna ya kurasa kujiongeza zenyewe chini kila msomaji anaposhuka, asifike mwisho kamwe. Naye baadaye alijuta hadharani kwa alichokileta. Gazeti lina ukurasa wa mwisho, na barua ina sahihi ya mwandishi, lakini huku hakuna kinachomwambia mtu kuwa amemaliza. Basi mwenye kukusanya mitiririko mitano isiyo na mwisho akaifanya mmoja, hakuupata mwisho. Ameupata mto mpana zaidi.

Kwa hiyo mwenye kupokea hahitaji kukusanya, ahitaji kutenga. Na vyombo vya kutengea vimo humo humo ndani ya simu, bila ya kuleta programu ngeni. Makundi yasiyo ya lazima yanyamazishwe, na tangu mwaka 2020 WhatsApp huruhusu kundi kunyamazishwa daima, si kwa wiki moja tu. Yale yaliyokwisha kazi yawekwe kando yasionekane, au mtu ajitoe. Na tangu mwaka 2022 anayejitoa hatangaziwi kundi zima bali wasimamizi tu, kwa hivyo ile haya ya kumvunjia shangazi heshima haina nafasi tena. Katika mipangilio mtu aweza kuchagua nani awe na ruhusa ya kumwingiza katika kundi. Kisha abakishe milio ya wachache: wazazi, mume au mke, mwalimu wa mtoto, na kundi la misiba na maradhi.

Na yale mengine? Yawe na saa zake. Mwaka 2019 wataalamu wa Marekani walitangaza matokeo ya jaribio la wiki mbili, ambamo watu wengine simu zao zilifikishiwa arifa mara tatu tu kwa siku, wengine kama kawaida, na wengine hazikufikishiwa kabisa. Wale wa mara tatu ndio waliokuwa na moyo mtulivu zaidi na akili iliyokaa zaidi kazini. Wale walionyimwa kabisa hawakupata faida kubwa, bali walizidi wasiwasi, wakidhani kuna jambo linawapita. Sisi hatukustaajabu. Watu ambao mchana wao na usiku wao umegawiwa kwa nyakati tano wajua tangu utotoni tafauti ya jambo lenye wakati na jambo lisilo na wakati. Baada ya Alfajiri mtu asome khabari zake kwa muda mfupi, baada ya Adhuhuri mara nyingine, na baada ya Magharibi watoto wakiwa wamekwisha kusoma. Simu nyingi za siku hizi zaweza kuamrishwa zinyamaze kwa saa maalumu na zimpigie kelele kwa majina aliyoyachagua mwenyewe. Na bando nalo litadumu, jambo ambalo mama wa nyumba atalielewa bila ya kuelezwa na mtaalamu.

Kuna namna moja ya kukusanya ambayo imeenea sana kwetu, nayo ni ya watu wenye laini mbili. Mfanyabiashara ana namba ya nyumbani na namba ya duka, akaambiwa na kijana wa mtaani kwamba iko "WhatsApp ya GB" itakayomwekea zote mbili katika simu moja, tena imwonyeshe na jumbe zilizofutwa. Chombo hicho si cha wenye WhatsApp; ni nakala iliyofumuliwa na watu wasiojulikana, haipatikani katika duka la programu la kawaida, na WhatsApp huwafungia wanaoitumia. Mtu humpa asiyemjua siri za mkewe, za wateja wake, na za deni lake. Wala haja yenyewe haipo tena, kwani tangu Oktoba 2023 WhatsApp halisi yakubali namba mbili katika simu moja ya Android. Aondoe hiyo ya wizi leo hii.

Maana kila kukusanya ni kukabidhi funguo, na ufunguo ni amana. Mnamo Oktoba 2013 Buffer iliingiliwa na wezi, na kwa kuwa watu walikuwa wamekwisha iruhusu iandike kwa niaba yao, kurasa zao za Facebook na Twitter zikaanza kutangaza dawa za kupunguza unene. Wao hawakuwa na kosa, wala hawakuibiwa neno lao la siri. Aliyeibiwa ni mwenye kuwashikia funguo. Kukusanyika kwa nyumba nyingi chini ya tajiri mmoja nako kuna khatari ya namna yake. Facebook iliinunua Instagram mwaka 2012 na WhatsApp mwaka 2014. Na siku ya Jumatatu, tarehe 4 Oktoba 2021, baada kidogo ya Magharibi kwa saa zetu, amri moja iliyokosewa na mafundi wake ilizizima zote tatu ulimwenguni kote kwa kiasi cha saa sita. Waliokuwa na namba za simu za jamaa zao zimeandikwa mahali walipiga simu. Waliokuwa hawana walingoja hata ikapita usiku wa manane. Madrasa isiyo na daftari la namba za wazazi, lile la karatasi, ina upungufu hata ikiwa na kurasa kumi.

Juu ya watoto wadogo hatutarefusha. Facebook, Instagram, TikTok na WhatsApp zote zimeandika katika masharti yao kuwa aliye chini ya miaka kumi na mitatu hana ruhusa, na Australia tangu Desemba 2025 imeifanya kuwa kumi na sita kwa sheria kwa mitandao mikubwa. Mzazi anayemfungulia mwanawe wa darasa la nne kwa kudanganya mwaka wa kuzaliwa, amemfunza kusema uwongo kwanza, na mtandao baadaye.

Limebaki jambo la vijana wanaoshika kurasa za watu, nalo twaliona likivunja madrasa na vyama vingi kimya kimya. Kijana hufungua ukurasa wa madrasa kwa namba yake mwenyewe na kwa barua pepe yake mwenyewe, kwa kuwa siku ile hapakuwa na mwingine ajuaye. Akauunganisha na chombo cha kupangia matangazo kwa jina lake. Mwaka wa tatu akapata kazi Dubai, au akaoa akahamia mkoa mwingine, au wakakosana na mwalimu. Akaondoka na funguo bila ya nia mbaya. Ukurasa ukabaki na tarehe za mtihani wa zamani, na wazazi wageni wakiendelea kupiga namba isiyopokelewa.

Basi, enyi vijana, mkifungua ukurasa wa jamaa fungueni kwa barua pepe ya jamaa, na namba ya simu iwe ya laini inayokaa madrasani. Wawe wasimamizi wawili au watatu, na mmoja wao awe mtu mzima asiyetazamiwa kusafiri. Maneno ya siri yaandikwe katika karatasi, yatiwe katika bahasha, yafungiwe pale zinapofungiwa hati za kiwanja. Yule msimba wa tarakimu sita unaoletwa na WhatsApp asiambiwe mtu yeyote kwa simu, hata akijitaja kuwa ni wa kampuni. Na kijana anayeondoka, kabla ya safari yake, akae na anayemrithi kwa saa moja: waingie pamoja katika chombo cha kukusanyia, wamwandike mgeni, wamfute mwenyeji, kisha waingie katika Facebook na Instagram penyewe na kutazama ni programu zipi zingali na ruhusa ya kuandika. Aghalabu watakuta mbili tatu ambazo hakuna akumbukaye ni nani aliyezileta. Hizo ziondolewe siku hiyo hiyo.